Sasisho la kompyuta: Lini ukubali, lini usubiri

MHASIBU wa duka la vifaa vya ujenzi anafika ofisini asubuhi ya tarehe 19, akiwa amebakiwa na siku moja tu ya kuwasilisha ritani ya VAT. Anawasha kompyuta, lakini badala ya kioo alichokizoea anakuta maandishi yanayomtaka asizime mashine kwa kuwa masasisho yanaendelea kuwekwa. Asilimia iliyoandikwa chini yake ni nane.

Hana la kufanya isipokuwa kusubiri. Umeme usipokatika, huenda kazi ikaanza saa nne. Ukikatika katikati ya shughuli hiyo, huenda isianze kabisa siku hiyo.

Adha ya namna hiyo ndiyo inayowafanya watu wengi mijini kumwomba fundi awazimie kabisa huduma ya masasisho. Wanachokwepa ni usumbufu wa saa mbili, na wanachojiwekea ni hatari inayoweza kuwagharimu mafaili ya miaka kumi.

Swali la lini hasa ni salama kusasisha mfumo endeshi halina jibu moja, kwa sababu neno sasisho lenyewe limebeba mambo mawili yasiyofanana.

Mfumo endeshi ni programu mama inayosimamia kompyuta nzima. Ndiyo inayopanga mafaili, kuongoza printa na kuziruhusu programu nyingine zote kufanya kazi. Windows ya kampuni ya Microsoft, macOS ya Apple na Linux ndiyo mifumo inayofahamika zaidi katika kompyuta za mezani na za mkononi.

Sasisho la kwanza la mfumo huo ni kiraka. Hili huja kila mara, huwa dogo kwa kiasi, na kazi yake kubwa ni kuziba tundu lililogunduliwa ambalo mhalifu angeweza kupitia. La pili ni toleo jipya, kama vile kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, ambapo karibu mfumo wote hubadilishwa. Kiraka ni sawa na fundi kuja kubadili kitasa kibovu. Toleo jipya ni kuhama nyumba na vyombo vyote. Anayeogopa kuhama hana sababu ya kukataa kubadilishiwa kitasa, lakini hivyo ndivyo wengi wanavyofanya wanapozima vyote kwa pamoja.

Gharama ya kuchelewesha kiraka imekwishaonekana mara nyingi, na tarehe zake zinajulikana.

Mnamo Julai 16, 2003, Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika Windows 2000 na Windows XP. Agosti 11 ya mwaka huo kirusi kilichopewa jina la Blaster kilianza kusambaa kikipitia tundu hilo hilo, na kompyuta katika nchi mbalimbali zikaanza kujizima na kujiwasha zenyewe. Kati ya kiraka na kirusi zilikuwa zimepita siku 26.

Miaka mitano baadaye hali ilijirudia. Kiraka kilitolewa Oktoba 23, 2008, na mwezi uliofuata kikatokea kirusi cha Conficker. Aina zake za baadaye zilijifunza pia kupanda kwenye flashi, hivyo hata kompyuta isiyounganishwa na intaneti haikuwa salama mara mtu alipochomeka flashi iliyotoka kwenye kompyuta yenye maambukizi.

Mfano mkubwa zaidi ni ule wa WannaCry. Tundu lake lilizibwa na kiraka cha Machi 14, 2017. Mei 12 ya mwaka huo, karibu miezi miwili baadaye, kirusi hicho kilianza kufunga mafaili ya watu na kudai dola 300 za Marekani kwa sarafu ya Bitcoin ili kuyafungua. Polisi wa Umoja wa Ulaya, Europol, walieleza kuwa mashine zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilikumbwa.

Nchini Uingereza, Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilibaini katika ripoti yake ya Oktoba 2017 kuwa taasisi 81 kati ya 236 za huduma ya afya ya umma katika England ziliathirika, na ikakadiria kuwa miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Wapo waliolaumu kompyuta kuukuu zenye Windows XP. Ukweli ni kwamba nyingi ya zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7, mfumo ambao wakati huo ulikuwa bado unahudumiwa na ambao kiraka chake kilikuwepo tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kukiweka.

Kuna jambo ambalo watumiaji wengi hawalifahamu kuhusu viraka. Siku kinapotolewa, hatari kwa asiyekiweka huongezeka. Wahalifu hukichukua, hukilinganisha na faili la zamani, na kwa kuangalia kilichobadilika hutambua tundu lilikuwa wapi. Kwa maana hiyo kiraka ni dawa kwa anayekimeza na ni ramani kwa anayetaka kumwibia asiyekimeza.

Hata hivyo, wanaosita hawana wasiwasi wa bure. Oktoba 2, 2018, Microsoft ilitoa toleo la Windows 10 lililojulikana kwa namba 1809. Katika muda wa siku chache baadhi ya watu waliolipokea walikuta nyaraka na picha zao zimefutika. Kampuni ilisimamisha usambazaji wake na kueleza kuwa malalamiko ya namna hiyo yalihusu sehemu ndogo mno ya waliosasisha, yaani moja ya mia ya asilimia moja. Toleo hilo lilirudi Novemba 13, wiki sita baada ya kutolewa mara ya kwanza. Kwa aliyepoteza picha za harusi, udogo wa asilimia hiyo haukuwa faraja.

Wenye kompyuta za Apple nao wamewahi kuonja. Toleo la Catalina la Oktoba 2019 liliacha kabisa kuendesha programu za zamani za biti 32, na watu waliolikubali bila kuangalia walijikuta na programu walizozilipia ambazo hazifunguki tena. Hiyo haikuwa hitilafu. Apple ilikuwa imetangaza mapema. Mwaka uliofuata, toleo la Big Sur lililotoka Novemba 12, 2020 liliziacha baadhi ya MacBook Pro za inchi 13 za mwaka 2013 na 2014 zikiwa na kioo cheusi.

Tukio la Julai 19, 2024, ambalo lilizima takribani kompyuta milioni 8.5 za Windows na kukwamisha safari za ndege duniani, hutajwa mara kwa mara kama ushahidi dhidi ya masasisho ya Windows. Sasisho lile halikuwa la mfumo endeshi. Lilikuwa la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike, na lilikwenda moja kwa moja kwenye mashine za wateja bila wao kuulizwa. Funzo lake linawahusu zaidi watengenezaji, ambao tangu hapo wamesisitizwa kusambaza kwa awamu, kuliko mtumiaji wa nyumbani.

Mifano hiyo ikiwekwa pamoja, inaonyesha tofauti moja. Maafa makubwa ya usalama yaliwapata waliochelewesha viraka kwa wiki nyingi au miezi. Hasara za masasisho mabovu ziliwapata waliokimbilia toleo jipya katika siku za mwanzo. Ndiyo maana kanuni za aina hizo mbili lazima zitofautiane.

Kwa viraka, ni vema kufahamu kalenda yake. Tangu Oktoba 2003, Microsoft hutoa viraka vya Windows Jumanne ya pili ya kila mwezi. Kwa saa za Afrika Mashariki huwa ni saa 2 au saa 3 usiku, hivyo wengi huvikuta Jumatano asubuhi. Nje ya utaratibu huo hutolewa viraka vya dharura pale hatari inapokuwa kubwa. Katika wiki ya nne ya mwezi hutolewa pia masasisho ya majaribio, ambayo ni ya hiari. Haya mtu wa kawaida hana sababu ya kuyagusa, kwani marekebisho yake yatamfikia katika Jumanne ya mwezi unaofuata yakiwa yamejaribiwa na wengine.

Kwa mwenye kompyuta moja ya nyumbani au duka dogo, kukiacha kiraka kwa siku tatu au nne kunatosha. Muda huo unatosha kwa kasoro kubwa kugunduliwa na kutangazwa, na kwa kawaida hautoshi kwa kirusi kipya kusambaa. Kuvuka wiki mbili ni kubahatisha. Aidha, ikiwa Microsoft au Apple imeeleza kuwa tundu linalozibwa tayari linatumiwa na wahalifu, hata siku hizo tatu hazifai kusubiriwa.

Hapa ndipo kalenda ya kodi inapoingia. Jumanne ya pili huangukia kati ya tarehe 8 na 14. Ushauri wa kungoja wiki nzima, unaotolewa sana Ulaya na Marekani, utaiweka kazi hiyo kati ya tarehe 15 na 21, wiki ile ile ambayo wafanyabiashara wa Tanzania na Kenya wanakimbizana na tarehe 20 ya ritani ya VAT. Ni afadhali kusasisha Jumamosi inayofuata Jumanne hiyo, ambayo huwa kati ya tarehe 12 na 18, mchana, wakati fundi bado anapatikana kwa simu na ikibaki Jumapili nzima ya kurekebisha iwapo lolote litaharibika.

Ofisi yenye kompyuta kadhaa ina nafasi nzuri zaidi. Mashine moja isiyobeba kazi nyeti isasishwe kwanza, itumike siku mbili kwa kazi za kawaida, ichapishe risiti, ifungue programu ya hesabu na kuingia kwenye tovuti za benki. Ikipita, nyingine zifuate. Kusasisha zote kwa mkupuo usiku mmoja ni ujasiri usio na faida.

Toleo jipya linahitaji subira ya aina nyingine. Windows Vista ilipoingia madukani Januari 30, 2007, lawama nyingi zilihusu printa na vifaa vingine ambavyo watengenezaji wake hawakuwa wameandaa draiva zinazoendana nayo. Enzi hizo mafundi walikuwa na kauli moja: usiguse Windows mpya hadi mkusanyiko wake wa kwanza wa marekebisho utoke. Utaratibu wa mikusanyiko hiyo umekwisha, lakini mantiki yake haijapitwa na wakati.

Wanaoifuata waziwazi ni watengenezaji wa Ubuntu, aina ya Linux iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na ambayo jina lake ni ndugu wa neno letu la utu. Matoleo yake yanayohudumiwa kwa muda mrefu hutoka Aprili ya kila baada ya miaka miwili. Pamoja na hayo, mwenye toleo la namna hiyo lililotangulia haletewi mwaliko wa kuhamia jipya mwezi huo; huachwa hadi marekebisho ya kwanza yatoke, kwa kawaida Agosti. Mwaka 2024 hata Agosti hiyo ilisogezwa kwa wiki mbili, hadi tarehe 29, kwa sababu ya kasoro zilizogunduliwa katika uhamiaji wenyewe.

Ikiwa watengenezaji wenyewe wanawasubirisha watu wao miezi minne, mwenye duka la dawa au ofisi ya wakili hana sababu ya kuwa wa kwanza. Miezi mitatu hadi minne ni muda wa busara kwa toleo jipya, alimradi toleo alilonalo bado linapewa viraka. Sharti hilo la mwisho ndilo la msingi: subira ni salama pale tu mlango wa zamani unapoendelea kulindwa.

Kabla ya kukubali, lipo jambo moja lisilo na mjadala nalo ni nakala ya akiba ya mafaili. Nakala hiyo ikae nje ya kompyuta, kwenye diski ya nje inayochomolewa baada ya kazi au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Waliopoteza mafaili mwaka 2018 wakiwa na nakala walikasirika kwa mchana mmoja tu.

Kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makasha yake huonekana katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, ilijifunza thamani ya nakala kwa njia ya ajabu. Juni 27, 2017, kirusi cha NotPetya kilisambazwa kupitia masasisho ya programu ya kodi ya Ukraine iitwayo M.E.Doc, na kikaingia katika mtandao wa kampuni hiyo duniani kote. Seva zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilifutwa zote, isipokuwa moja.

Kwa mujibu wa jarida la Wired la Marekani katika makala yake ya mwaka 2018, seva hiyo moja ilikuwa Ghana. Umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, hivyo ilikuwa imezimika na kirusi hakikuifikia. Mtandao wa huko ulikuwa wa polepole mno kupeleka data zake Uingereza, na mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya nchi hiyo, ikabidi asafiri hadi Nigeria kumkabidhi diski mwenzake uwanjani, naye akaruka nayo hadi London. Kampuni ililazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika muda wa siku kumi, na hasara yake ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 200 na 300.

Katika mazingira mengine kukatika kwa umeme si bahati. Umeme ukikatika wakati mfumo unaandika mafaili yake ya msingi, kompyuta inaweza kushindwa kuwaka. Kompyuta ya mkononi iwe na betri iliyojaa na iwe imechomekwa. Ya mezani iwe kwenye UPS inayofanya kazi, si ile inayolia tu na kuzimika. Toleo jipya la Windows hupakua gigabaiti kadhaa, hivyo anayetumia kifurushi cha simu aiambie kompyuta kuwa mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, ili masasisho makubwa yasimalize kifurushi bila yeye kujua.

Lingine linalosahaulika ni ufunguo wa BitLocker. Kompyuta nyingi za Windows za miaka ya karibuni hufunga diski yake kwa siri bila mwenyewe kutambua. Baada ya kiraka cha Julai 2024 baadhi ya watumiaji waliwasha mashine na kudaiwa ufunguo wa tarakimu 48 ambao hawakuwahi kuusikia. Kwa kawaida ufunguo huo hutunzwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Unafaa kunakiliwa kwenye karatasi kabla, kwani siku utakapohitajika kompyuta yenyewe itakuwa imefungwa.

Lipo kundi ambalo kwalo suala la kusubiri limekwisha. Windows XP iliacha kupewa viraka Aprili 8, 2014. Windows 7 ikafuata Januari 14, 2020. Na Windows 10 Oktoba 14, 2025. Kwa hii ya mwisho Microsoft ilifungua mpango wa nyongeza wa viraka vya usalama kwa watumiaji binafsi, uliopangwa kufikia Oktoba 13, 2026, lakini lazima mtu ajiandikishe.

Ugumu ni kwamba Windows 11 haikubali kila mashine. Inahitaji kijisahani cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, ambazo zilianza kutoka mwaka 2017. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo au katikati ya Nairobi ni za kabla ya hapo. Wapo mafundi wanaoweza kuilazimisha ikubali, lakini Microsoft imesema wazi kuwa mashine za aina hiyo hazina haki ya kupata masasisho, na mnunuzi anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kulipa. Kwa kompyuta kama hizo, Ubuntu au aina nyingine ya Linux ni njia halali na isiyo na malipo, ikiwa programu ambazo mtu anazitegemea zinapatikana huko.

Kwa aliyekwisha kuhamia toleo jipya la Windows na kujuta, upo muda wa siku kumi wa kurudi nyuma, kupitia sehemu ya urejeshaji katika mipangilio. Mfumo wa zamani huwa umehifadhiwa kwenye diski katika folda iitwayo Windows.old, ambayo huchukua nafasi kubwa. Mafundi wengi huifuta siku hiyo hiyo kwa nia njema ya kuongeza nafasi, na kwa kufanya hivyo hufunga njia ya kurudi. Iachwe hadi programu ya hesabu, printa na skana zote ziwe zimejaribiwa.

Kompyuta ikigoma kabisa kuwaka baada ya kiraka, isipelekwe haraka kufutwa na kuwekewa Windows upya, kama ilivyo desturi ya vibanda vingi. Windows ikishindwa kuwaka mara mbili au tatu mfululizo hufungua yenyewe ukurasa wa matengenezo, na ndani yake kuna chaguo la kuondoa sasisho la mwisho lililowekwa. Kazi hiyo huchukua dakika chache na haigusi mafaili ya mwenye kompyuta.